Barua ya Kuachia Nafasi

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Ilikuwa asubuhi, Iringa mjini, dukani kwa Bi Zuhura. Mbele ya wateja watatu waliokuja kuchagua kanga, niliulizwa kwa sauti kubwa nina makalio mangapi.

Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini kwanza nikwambie kwa nini nimeikumbuka wiki hizi, maana nimekasirika, na sitaki kukuficha hasira yangu nikajifanya mtulivu.

Kaka yangu alinipigia simu Jumatatu moja. Binti yake, Zawadi, ninaishi naye hapa Iyunga tangu alipomaliza kidato cha sita. Amefanya vizuri, na amepata nafasi mbili za kusomea udaktari. Moja ni ya hapahapa Mbeya, katika chuo ambacho wanafunzi wake huja kujifunzia kwenye wodi ninayofanya kazi. Ya pili ni ya nje ya nchi. Hiyo ya nje ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo. Barua ameipata, pasipoti anayo, kilichobaki ni viza tu. Kwa nafasi ya Mbeya alitumiwa ujumbe kwenye simu wenye namba ya siri ya kuthibitisha, na mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Ijumaa.

"Mwambie athibitishe hiyo ya Mbeya ashikilie," kaka akasema. "Huko nje kukigoma, anayo mkononi. Kukikubali, anapanda ndege zake."

"Na nafasi ya Mbeya?"

"Itabaki hapo hapo. Daktari, mbona unakuza mambo? Chuo hakijawahi kukosa watu."

Nikakata simu kwa adabu, kwa sababu ni mkubwa wangu. Kisha nikaenda jikoni nikapigisha masufuria.

Zawadi alinisikia, akaja akasimama mlangoni. "Shangazi, kila mtu anafanya hivyo. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mtu amethibitisha na moyoni hana mpango wa kuripoti kabisa. Ni usalama tu."

Usalama. Neno lilelile, mwanangu, nililolitumia mimi nikiwa na umri kama wake. Na aliyenifundisha kulisema ni kaka huyuhuyu.

Labda wewe unayesoma hujui nafasi ya udaktari ni kitu gani, kwa hiyo nikueleze taratibu. Darasa la madaktari halipanuliwi kwa kuongeza madawati. Linapimwa kwa idadi ya walimu, ya vitanda vya wagonjwa, ya maiti za kujifunzia mwili. Ndiyo maana nafasi ni chache na macho yanayozitazama ni mengi. Mtu akithibitisha halafu asitokee, au akatokea wiki mbili akaondoka, kile kiti mara nyingi hakijazwi tena. Mwaka wa pili kitakuwa kitupu, wa tatu kitupu, hadi wenzake wanavaa majoho. Aliyekishika hajachukua kiti cha mbao. Amechukua daktari mzima na kwenda kumtupa.

Sasa turudi Iringa.

Kwetu ni Ruaha Mbuyuni. Baba alilima vitunguu, na nyumbani hatukuwa na sanduku la posta. Zamani hizo barua ya chuo haikuja kwenye simu, ilikuja posta, na asiye na sanduku alitumia la mtu. Sisi tuliosoma sekondari Iringa tulitumia la Bi Zuhura. Wazazi wake walitoka pwani miaka mingi nyuma, yeye akazaliwa palepale mjini na akarithi duka la kanga la baba yake. Sanduku lake lilikuwa la watu kumi, wengine Waislamu kama yeye, wengine Wakristo wa vijijini kama mimi. Kila Jumanne na Ijumaa alikwenda posta, akarudi na barua zetu, akazipanga ndani ya kopo la biskuti nyuma ya mashine yake ya kushonea. Hakufungua hata moja. Ila alijua kila barua inakotoka, na alijua nyuso zetu tulipozisoma.

Tulikuwa wawili tuliobaki mjini baada ya mtihani, mimi na Atupele. Wazazi wake walihama Rungwe kwenda kulima mpunga Madibira. Bwenini tulikuwa tumelala kitanda cha juu na cha chini kwa miaka miwili, na wote tulitaka udaktari. Huku tukisubiri majibu, tulimshonea Bi Zuhura pindo za kanga, naye alitulipa kwa chakula na maneno makali.

Majibu yakaja. Mimi nikapata barua mbili za kuchaguliwa: chuo kimoja cha Dar es Salaam, kingine cha misheni, mbali sana na kwetu. Atupele akapata moja, ya chuo kile cha misheni. Iliandikwa kwamba jina lake ni la kwanza katika orodha ya akiba, na kwamba ataitwa mara nafasi itakapopatikana.

Alinionyesha ile barua, akacheka huku machozi yanamlengalenga. "Salome, wa kwanza kati ya waliokosa! Nipongeze basi."

Nikampongeza. Sikumwambia kwamba mimi nimechaguliwa hukohuko. Nilijiambia nisimwongezee uchungu. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya, mwanangu, anaupaka woga wake rangi ya huruma.

Mimi nilitaka Dar es Salaam. Sikuwa na shaka hata ya siku moja. Lakini kaka alipokuja mjini na gunia la vitunguu, alizisoma zile barua akasema, "Jaza fomu zote mbili. Usijifungie mlango. Usalama." Nikajaza zote. Atupele alikuwa amekwenda Madibira kusaidia kufukuza ndege kwenye mpunga, kwa hiyo hakuniona. Nikampa Bi Zuhura bahasha mbili za kukubali nafasi azipeleke posta.

Ijumaa ilipofika nikaingia dukani nikiimba. Bi Zuhura alikuwa anawatandazia kanga wateja watatu. Akaacha.

"Wewe mtoto, hebu simama hapo penye mwanga. Una makalio mangapi?"

Wale wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bi Zuhura, si unayaona mwenyewe!"

"Ndiyo maana nauliza. Nimepeleka bahasha mbili posta. Dar es Salaam, nimekubali. Kwa wamisheni, nimekubali. Sasa atakaa vipi huyu? Kipande hapa, kipande kule?"

"Ni usalama tu, Bi Zuhura," nikasema. "Kaka amesema."

"Usalama wa nani?"

Akaja karibu, akashusha sauti, na hapo ndipo niliogopa, kwa sababu Bi Zuhura alipokasirika kweli hakupiga kelele.

"Sikiliza. Umepanda basi stendi, umetandika kanga kwenye kiti cha dirishani, kisha umeshuka ukapanda basi jingine. Basi linaondoka. Kuna mtu amesimama njia nzima anakitazama kiti hicho, na anaogopa kuigusa kanga yako. Na mtu huyo unamjua. Amelala kitanda cha chini yako."

Akafungua droo, akatoa karatasi na bahasha. Stempu alikuwa ameshaibandika. Alijiandaa tangu nyumbani kwake. "Andika hapa hapa. Maneno mawili. Naachia nafasi yangu, mpeni anayefuata. Nitaipeleka posta sasa hivi, hawa watanisubiri."

"Nitaiandika nyumbani vizuri, kwa mwandiko safi," nikasema. "Leo leo, Bi Zuhura."

Akanikabidhi karatasi na bahasha. "Leo," akasema.

Sikuandika. Si siku ile, si kesho yake. Nikasafiri na ile bahasha kwenye begi hadi Dar es Salaam. Wiki za kwanza nilitetemeka. Mafunzo ya anatomia yalinitisha, joto lilinichosha, wenzangu walionekana kuzaliwa wakijua majina ya mifupa. Kila nilipoogopa nilijifariji kwamba kule kwa wamisheni bado jina langu lipo. Unaona? Nilikuwa natumia kiti cha Atupele kama mto wa kulalia.

Nilipozoea, ndipo nikaandika. Wiki ya sita. Chuo kikanijibu kwa upole mkubwa: asante kwa taarifa, masomo yameshaanza, orodha ya akiba imefungwa, nafasi yako haitajazwa.

Atupele alisubiri, akakosa. Mwaka uliofuata baba yake akasema inatosha, asome kinachopatikana, na akaenda kusomea utabibu wa ngazi ya kati, usiompa mtu ruhusa ya kupasua. Nisikilize vizuri hapa: utabibu ni kazi ya heshima, na ukiugua kijijini ni tabibu atakayekuona kabla yangu. Sikasiriki kwa sababu amekuwa tabibu. Nakasirika kwa sababu mlango aliostahili kuupita niliukalia mimi, na wala sikuwa naupita.

Miaka ikaenda. Nikawa daktari, nikahamishiwa Mbeya. Na barua zikaanza kunijia.

Zilikuwa barua za rufaa, kutoka kituo cha afya cha huko Mbarali, na mwandiko niliujua kabla ya kusoma jina. Herufi ndogo zimesimama wima kama miche ya mpunga. Wagonjwa wengi walipita kwetu na karatasi za Atupele, na kila mara alichoshuku ndicho tulichokikuta. Vijana wangu wa wodini walikuwa wakisema, "Mama, huyu wa Mbarali kweli ni tabibu tu?" Nikajibu ndiyo, nikageukia dirishani.

Kisha akaja mama mmoja mjamzito. Uchungu ulikuwa umemshika muda mrefu na mtoto alikuwa amekwama. Alibebwa njia ndefu ya vumbi hadi barabara kuu, kisha kwetu. Barua ilikuwa imebandikwa kwenye blanketi kwa pini. Mistari yote ilikuwa ya kitabibu kama kawaida yake, isipokuwa wa mwisho: "Mama huyu anahitaji upasuaji sasa hivi. Najua. Siruhusiwi."

Mama tulimwokoa. Mtoto hatukumuwahi.

Nilikaa na ile karatasi kwenye mfuko wa koti siku nne. Siku ya tano nikaomba ruhusa nikaenda kumtafuta.

Alikuwa ametoka kazini, amekaa kibarazani anachambua mchele. Aliponiona akapiga kofi moja la mshangao.

"Daktari mkubwa! Umepotea njia, au mmeishiwa mchele huko Mbeya?"

Tukasalimiana, tukacheka, akanimiminia chai. Nikasema, "Atupele, nimekuja kwa jambo la zamani."

"La bahasha?"

Nikaweka kikombe chini.

"Niliporudi kutoka kufukuza ndege," akasema, bila kuacha kuchambua, "Bi Zuhura aliniambia. Akasema, mwenzio anayo nafasi kule, amesema anaiachia leo, kaa mkao wa kuitwa. Nikakaa. Nilikwenda kwenye lile kopo la biskuti kila Jumanne na kila Ijumaa. Sikukuandikia kukuuliza. Nilisema, Salome ni rafiki yangu, atakuwa ameandika. Labda posta ndiyo inachelewa."

Nilishindwa kumtazama. "Umenisamehe?"

"Zamani. Ningefanyaje kazi nikiwa nimekubeba mgongoni?" Akatoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa mbali. "Ila yule mama aliyerudi mikono mitupu, usije kuniombea msamaha wake kwangu. Huo sina. Kunywa chai, inapoa."

Mwanangu, nimekemewa na maprofesa mabingwa. Hakuna aliyenikemea kama mwanamke yule na ungo wake.

Haya yote nilimweleza Zawadi Jumatano ile, tukimenya ndizi. Nilieleza kwa hasira, sikatai. Nilikuwa namkasirikia kaka yangu, nalikasirikia lile grupu la WhatsApp linalogeuza uroho kuwa werevu, na kuliko wote namkasirikia yule binti aliyeingia dukani akiimba. Zawadi alimenya ndizi ya mwisho, kisha akaniuliza.

"Shangazi, viza wakininyima?"

"Utakaa nyumbani mwaka mmoja, utaomba upya. Hapa ugali haukosekani."

"Baba ataniua."

"Ataanza na mimi. Umri amenizidi. Lakini nimemzidi unene, atachoka kabla hajakufikia."

Akacheka kidogo. Kisha akauliza swali la mtu mzima. "Wewe ungechagua kipi?"

Nikamwambia ukweli. Ningechagua Mbeya, kwa sababu hapa mwanafunzi anamshika mgonjwa mapema, na anajifunza magonjwa ya watu atakaowatibu, kwa lugha wanayougulia. Lakini nilimwambia pia kwamba huko nje kuna mashine ambazo mimi nimeziona kwenye picha, na kwamba hakuna ubaya kuzitamani. Chuo ni chako, nikasema, miaka ni yako. Ukitaka Mbeya, thibitisha Mbeya, kisha waandikie wa nje leo kwamba huji. Ukitaka nje, usiiguse hiyo namba ya siri, nafasi iingie kwenye awamu ya pili apewe mwingine. Nitakuunga mkono kwa lolote kati ya hayo mawili. La tatu usiniletee.

Alhamisi alikuja wodini akazunguka nami, akawauliza wanafunzi maswali mengi, akaandika. Niliona macho yanavyong'aa, nikajua nimeshamwingiza Mbeya. Nilifurahi mno.

Ijumaa jioni akanikalisha sebuleni. Akanionyesha simu. Ule ujumbe wenye namba ya siri alikuwa ameufuta, na muda wa kuthibitisha ulikuwa umepita.

"Naenda nje, Shangazi. Wodi yenu ni nzuri. Lakini moyo wangu uko kule tangu mwanzo, na ningethibitisha hapa kwa sababu ya woga tu."

Nilimtaka karibu, mwanangu. Lakini nilimkumbatia, kwa sababu alikuwa amefanya kwa siku mbili nilichoshindwa kufanya kwa wiki sita.

Kaka hajanipigia simu tangu siku hiyo. Kwa mke wake amesema nimemponza mtoto. Huenda. Mpaka naandika haya, Zawadi bado anasubiri jibu la ubalozi, na kila asubuhi ananiuliza kama nimeota vizuri. Ikishindikana, atalia, nami nitalia naye, kisha tutaomba upya. Hiyo ndiyo gharama ya uamuzi wa kweli, na ameikubali akiijua.

Basi wewe uliye na barua mbili, au tatu, unayezipiga picha uwaonyeshe wenzako, nakuomba uweke simu chini unisikilize. Muda wa kufikiri uliopewa ni haki yako, utumie wote. Nenda ukavione hivyo vyuo. Wasimamishe wanafunzi kwenye korido uwaulize wanashika wagonjwa lini, nani anawafundisha, wanalala saa ngapi. Usichague jina la mji, na usichague ili shangazi afurahi. Lakini siku moyo wako ukishaamua, siku hiyohiyo andika ile barua nyingine, ya kuachia. Usingoje uzoee huko uendako. Usisubiri mwandiko safi. Andika ukiwa bado unaogopa, maana anayekusubiri anaogopa kukuzidi, na hana kanga ya kutandika popote. Udaktari wako, mwanangu, hautaanza siku utakapovaa koti jeupe. Umeshaanza na barua hiyo, kwa sababu hiyo ndiyo mara ya kwanza uamuzi wako unamgusa mtu usiyemwona.

Mungu akupe kichwa chepesi na mikono isiyotetemeka. Akupe walimu wakali na wagonjwa wavumilivu, na akusamehe makosa utakayofanya kwa kutojua. Yale utakayofanya kwa kujua, akunyime usingizi mpaka uyarekebishe.

Majina ya awamu ya pili yametoka juzi. Ipo nafasi moja pale Mbeya ambayo Zawadi aliiacha, na kuna mtu ameipata. Simjui. Sijui kama ni binti au kijana, kama anatoka Madibira au Makambako, kama alikuwa ameshakata tamaa. Karibuni ataingia wodini kwetu na koti jipya lenye mikunjo ya dukani, atasimama nyuma ya wenzake, atatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Nitamjua kwa hilo. Na nitamwambia: sogea mbele, mwanangu. Hapa ni pako.